Sababu, nia, uwezo... na kutoka je?



Taifa kubwa likiingiza jeshi nchi ya watu, vijiweni tunagawanyika mara moja. Hawa wanasema linamkomboa mnyonge, wale wanasema ubeberu mtupu. Tunabishana kana kwamba mambo haya ni ya Wamarekani peke yao. Jamani, mbona tunajisahau? Kwa Uganda ya mwaka 1979, mkubwa aliyeingia alikuwa Tanzania.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka wa Kagera, yakaua watu na kupora mifugo, kisha daraja la Kyaka likalipuliwa. Novemba 2 Mwalimu akalitangazia taifa kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Hapo hapana ubishi, ukivamiwa unajihami. Lakini hatukuishia mpakani. Aprili 11, 1979 jeshi letu na wapiganaji wa Uganda waliichukua Kampala. Julai, kwenye mkutano wa OAU kule Monrovia, Obasanjo wa Nigeria na Nimeiri wa Sudan wakatusema.

Kwa maoni yangu kumtoa Amin ilikuwa haki. Alishaua raia wake wengi mno, na tungemwacha angerudi tena. Ila yapo mambo mawili ambayo hatupendi kuyazungumza.

La kwanza ni gharama. Kiasi kinachotajwa mara nyingi ni dola milioni 500, na mzigo mkubwa tuliubeba wenyewe. Tuliambiwa tufunge mikanda miezi 18, ikageuka miaka. Kweli, si vita peke yake: bei ya mafuta ilipanda, na Jumuiya ilishakufa 1977. Lakini aliyebanwa ni mkulima wa Masanze na wenzake nchi nzima. Sabuni shida, sukari shida, wakati miwa inalimwa hapa hapa wilayani, Ruembe!

La pili ni kutoka. Yusuf Lule alikaa Ikulu siku 68 tu. Binaisa akaondolewa Mei 1980. Uchaguzi wa Desemba ukamrudisha Obote huku wapinzani wakilia kuibiwa kura, na Februari 1981 Museveni akaingia msituni. Askari wetu waliondoka mwaka huo, Waganda wakabaki na vita nyingine. Kumng'oa Amin kulichukua miezi. Kusimamisha serikali inayokubalika kulitushinda.

Marekani nayo iliingia Afghanistan 2001, ikatoka 2021, Taliban wakarudi kwenye viti vyao. Kule Iraq 2003 hata sababu ilikosekana, maana silaha za maangamizi hazikuonekana.

Sasa linganisha na Anjouan, Machi 2008. Serikali ya Comoro iliomba msaada, Umoja wa Afrika ukaunga mkono, wanajeshi wetu wakaenda na Wasudani. Lengo lilikuwa moja, kumtoa Kanali Bacar, na kazi ikaisha upesi.

Kwa hiyo sisemi mkubwa asiingie kamwe. Jirani akichinjwa huwezi kufunga dirisha ukalala. Nasema yale maneno matatu ya Mwalimu tuyaongezee la nne: kutoka. Kabla kijana wa Kilosa hajavishwa kombati kupelekwa nchi ya watu, Bunge liulize: nani katuita, nani analipa, tunarudi lini? Pasipo majibu, tusiende.

Mnasemaje, wadau?