Kocha Msaidizi Si Mbeba Chupa za Maji

Mtu akitazama mchezo wa mpira wa kikapu wa ligi ya NBA ya Marekani, macho yake huenda kwa kocha mkuu. Huyo ndiye asimamaye, agombanaye na waamuzi, na ahojiwaye mchezo ukiisha. Timu ikishinda husifiwa yeye. Ikishindwa mfululizo, hufukuzwa yeye. Nyuma yake hukaa safu ya watu ambao majina yao hayatangazwi, na mtazamaji wa haraka aweza kudhani kwamba kazi yao ni kugawa maji na taulo. Dhana hiyo imeenea hata miongoni mwa viongozi wa michezo, ambao huona kuajiri kocha msaidizi kuwa ni anasa ya timu zenye fedha.

Ukweli ni kinyume. Mwaka 2005 timu ya San Antonio Spurs ilimwajiri Chip Engelland, mtu ambaye hakuwahi kucheza hata mchezo mmoja wa ligi hiyo. Kazi yake ilikuwa moja tu: kufundisha kutupa mpira. Wakati huo Tony Parker wa Ufaransa alikwisha kutwaa ubingwa mara mbili na timu hiyo, na mtu wa namna hiyo aghalabu hapendi kuambiwa kwamba hajui kutupa. Engelland alibadili mahali pa kidole gumba chake juu ya mpira, na katika msimu uliofuata Parker aliachishwa karibu mitupo yote ya mbali ili azoee kwanza ile ya katikati. Kabla ya hapo, katika kila mitupo 100 Parker alikuwa akiingiza 48. Msimu huo aliingiza karibu 55. Mwaka 2007 alikuwa mchezaji bora wa fainali.

Kisha akaja Kawhi Leonard. Huyu alipokuwa chuoni aliingiza robo tu ya mitupo yake ya pointi tatu, na timu kadhaa zilimpita kwa hofu kwamba hatajifunza kutupa. Katika msimu wake wa kwanza na Spurs aliingiza zaidi ya theluthi. Mwaka 2014 naye alikuwa mchezaji bora wa fainali. Hapana uchawi hapo. Ni mwalimu mmoja, mwanafunzi mmoja, na jambo moja lililorudiwa kila siku mpaka mkono ukalizoea.

Kwa nini kocha mkuu asiifanye kazi hiyo mwenyewe? Kwa sababu hana nafasi. Timu ya NBA hucheza michezo 82 katika msimu, kabla ya ile ya mtoano, na baina ya mchezo na mchezo kuna safari ya ndege. Kocha mkuu hupimwa kwa ushindi wa kesho. Akiona kijana wa miaka 19 anakosea, njia ya haraka ni kumkalisha benchi na kumwingiza mzee anayejua. Hawezi kulaumiwa, maana naye analinda kazi yake. Lakini kijana yule aliyekalishwa anahitaji mtu ambaye kipimo chake si mchezo wa kesho, bali mchezaji atakayeonekana baada ya miaka miwili au mitatu.

Wapo watakaouliza: je, Red Auerbach hakuipatia Boston Celtics mataji 9 bila msaidizi hata mmoja? Alifanya hivyo, baina ya mwaka 1957 na 1966, na heshima yake haina mgogoro. Lakini enzi zile wachezaji waliingia katika ligi wakiwa watu wazima, baada ya kufundishwa miaka minne chuoni. Siku hizi wengi huingia baada ya mwaka mmoja wa chuo, na baadhi yao hawakupita chuoni kabisa. Kazi iliyokuwa ikifanywa na chuo sasa yaangukia mikononi mwa timu, na haifanyiki kwa kupiga kelele ukiwa pembeni ya uwanja.

Jambo la pili linahusu heshima, na watumishi wa ofisini watalielewa upesi. Katika sehemu nyingi neno "msaidizi" huhesabiwa kuwa ngazi ya kupandia, na aliyeko juu yake haoni jinsi ya kurudi. Marehemu Dejan Milojević wa Serbia hakuhesabu hivyo. Alikuwa kocha mkuu wa timu ya Mega kule Belgrade, na mikononi mwake alipita kijana mnene aitwaye Nikola Jokić, ambaye baadaye alitwaa tuzo ya mchezaji bora wa NBA mwaka 2021, 2022 na 2024. Mwaka 2021 Milojević aliacha ukocha mkuu akaenda kuketi kiti cha msaidizi katika timu ya Golden State Warriors, akiwafundisha wachezaji wa chini ya kikapu. Kevon Looney, ambaye hakuwa mrefu kupita wenzake wala mwepesi wa kuruka, alianza kudaka mipira inayorudi kutoka kwenye ubao kwa wingi ambao hakuwahi kuufikia, na mwaka 2022 timu ilitwaa ubingwa. Milojević alipofariki ghafla mwezi Januari 2024, akiwa na umri wa miaka 46, waliomlilia zaidi ni wachezaji aliowafundisha.

Kwa Watanzania habari hii si ya mbali. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa meta 2.21, aliteuliwa wa pili katika uteuzi wa NBA, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Taifa lilijivuna, na lilikuwa na haki. Lakini alianza kuushika mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka 15, umri ambao wenzake wa Marekani wamekwisha kuucheza miaka kumi. Katika msimu wake wa kwanza na Memphis Grizzlies alicheza kama dakika 13 kwa kila mchezo, nyuma ya Marc Gasol, na kabla msimu haujaisha alipelekwa katika ligi ndogo. Mwaka 2014 safari yake ya NBA ilikwisha. Hapana mtu awezaye kusema kwa hakika mambo yangekuwaje. Lakini Andrew Bynum, aliyeteuliwa na Los Angeles Lakers mwaka 2005 akiwa na miaka 17 na ujuzi mchache, alipewa Kareem Abdul-Jabbar mwenyewe kuwa mwalimu wake wa pekee, na mwaka 2012 alicheza katika mchezo wa nyota wa ligi. Kijana mrefu hukua polepole, na miguu yake hufundishwa hatua kwa hatua.

Hapo ndipo shule zetu zinapoingia. Mwalimu wa michezo wa sekondari aghalabu ni mmoja, naye ni wa mpira wa miguu, wa riadha, wa netiboli na wa kikapu, baada ya vipindi vyake vya hesabu. Wakati wa UMISSETA ukikaribia, hana budi kutafuta watano wa kucheza, si kumlea mmoja. Hata hivyo, katika miji mingi wapo wachezaji wa zamani wa klabu na majeshi, waliokwisha kuacha kucheza lakini hawajasahau. Baadhi yao hukaa karibu na viwanja vya shule jioni, wakitazama vijana wakikosea. Maafisa michezo wa wilaya wanajua majina yao. Barua ya kumwomba mmoja wao aje siku mbili kwa wiki, kufundisha mitupo huru tu, au kugeuka chini ya kikapu tu, haihitaji fungu jipya katika bajeti. Yahitaji sahihi ya mkuu wa shule.