Ndoa Huvunjika, Haki Hubaki



Barazani wanabishana: Muungano wa 1964 uvunjwe au ubaki? Sisi wanawake hatuulizwi. Basi tunasema bila kuulizwa.

Ndoa ikivunjika, deni la mahari na matunzo ya eda hubaki, na mlango wa kadhi uko wazi. Nchi nazo ni hivyo hivyo. Uingereza ilitoka Umoja wa Ulaya mwaka 2020, lakini Mwingereza aliyekosa haki kwao bado anaweza kuishitaki serikali yake Strasbourg, kwani mahakama ile si ya Umoja huo.

Sisi hatujatoka popote, na mlango tumefungiwa. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililomruhusu mwananchi kwenda mwenyewe Mahakama ya Afrika, nayo iko hapo hapo Arusha!

Anayesema huko ni kulinda mamlaka ya nchi, tunamuuliza: mume anayemzuia mkewe kwenda kwa kadhi, analinda nini?

Tubaki au tutoke, mlango ufunguliwe kwanza. Haki ya mnyonge ni amana, na amana ina Mwenye kuiuliza.