Waridi la Jangwa Lipandwe kwa Mbegu

Katika mikoa ya kati ya Tanzania mvua hunyesha kwa kipindi kimoja tu cha mwaka, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili. Dodoma hupata kwa wastani kati ya milimita 500 na 600 za mvua kwa mwaka, na karibu zote huanguka katika miezi hiyo. Miezi inayobaki ni ya ukavu. Hata hivyo, bustani zilizoko mbele ya nyumba, ofisi na shule katika sehemu za namna hiyo aghalabu hupandwa kana kwamba mvua hunyesha mwaka mzima. Hupandwa ukoka, vichaka vyenye majani mapana, na maua ya msimu ambayo hunyauka yakikosa maji kwa siku mbili. Wa kuyahudumia maua hayo ni mwenye ndoo, na katika shule nyingi mwenye ndoo ni mwanafunzi.

Hesabu yake si ngumu, na yafaa ifanywe darasani. Lita 1 ya maji ikimwagwa juu ya mita 1 ya mraba hufanya kina cha milimita 1. Katika jua kali la nchi kavu, ukoka huweza kupoteza kiasi cha milimita 5 za maji kwa siku. Kwa hiyo kiwanja cha mita 10 kwa mita 10 chahitaji lita 500 kila siku ili kibaki kijani, yaani ndoo 25 za lita 20. Kwa juma moja hizo ni ndoo 175. Mahali ambapo maji huchotwa kisimani au hununuliwa kwa ndoo, gharama hiyo haiwezi kuitwa ndogo.

Wapo watu ambao, kwa sababu ya hesabu hiyo, husema kwamba nchi kavu haistahili kuwa na bustani za maua kabisa, na kwamba kila tone liende kwenye mboga. Rai hiyo yaeleweka, lakini si lazima ikubaliwe yote. Haja ya mwanadamu ya kutazama kitu kizuri mbele ya mlango wake haikatazwi na ukame. Kinachotakiwa ni mmea unaoufahamu ukame wenyewe, na mmea huo upo. Nao ni waridi la jangwa.

Mmea wa nchi hizi

Waridi la jangwa, ambalo wanasayansi huliita Adenium obesum, na ambalo katika baadhi ya sehemu za pwani huitwa mdagu, hudhaniwa na wengi kuwa ni ua la kigeni, kwa kuwa huliona kwanza katika vyungu vya hoteli na vitalu vya mijini. Dhana hiyo si sahihi. Mmea huu humea wenyewe katika ukanda mrefu wa nchi kavu kutoka Senegal hadi Sudan, ukashuka kupitia Ethiopia na Somalia hadi Kenya na Tanzania, na ukavuka bahari hadi Yemen, Oman na Saudia. Mtaalamu wa kwanza kuuandika katika vitabu vya sayansi vya Ulaya alikuwa Peter Forsskål, mtaalamu wa mimea aliyefuatana na msafara uliotumwa Arabuni na mfalme wa Denmark mwaka 1761. Forsskål alifia Yemen mwaka 1763, na maandishi yake yalichapishwa mwaka 1775 na mwenzake Carsten Niebuhr. Jina Adenium, lililotolewa mwaka 1819, linahusiana na jina la Aden.

Umbo lake lafundisha somo zima la biolojia. Sehemu ya chini ya shina, pamoja na mizizi ya juu, imevimba kama kibuyu, na ndani yake mna tishu laini zinazohifadhi maji, kama ilivyo katika shina la mbuyu. Maji mengi ya mmea hupotea kupitia vitundu vidogo vya majani viitwavyo stomata. Basi kiangazi kinapozidi, waridi la jangwa hupukutisha majani yake na kuifunga njia hiyo ya upotevu. Mtu asiyelijua hudhani limekufa. Kumbe limepunguza matumizi na kukaa juu ya akiba. Mara nyingi hutoa maua yake mekundu au ya waridi, yenye petali 5 na koo jeupe, kabla majani hayajarudi, wakati mimea mingine yote imekauka.

Bustani yenye vyungu 20 vya mmea huu, hata kila chungu kikipewa lita 2 za maji kwa juma, yahitaji lita 40 tu, yaani ndoo 2. Ni kweli kwamba vyungu 20 havifuniki mita 100 za mraba. Lakini uwanja uliofagiwa na kuwekwa changarawe, ukapangwa vyungu vichache vyenye maua, ni bustani kamili isiyohitaji kuombewa msamaha na mtu yeyote.

Ubaya wa kung'oa

Hapa ndipo penye hatari. Kwa kuwa mmea huu humea porini, na kwa kuwa shina nene ndilo linalopendwa na wanunuzi, njia ya mkato ni kwenda porini na jembe. Mmea wenye shina la unene wa mtungi umechukua miaka mingi kufikia kimo hicho. Mng'oaji huupata kwa nusu saa, akauuza kwa bei nzuri, na mnunuzi akajiona ameokoa miaka ya kusubiri.

Hasara yake ni ya namna mbili. Kwanza, mizizi iliyokatwa kwa jembe ni mlango wa kuvu. Mmea uliong'olewa ukipandwa upesi na kumwagiwa maji mengi kwa nia njema, kidonda huoza, na uozo hupanda hadi ndani ya shina. Pili, mmea mkubwa ndio mama wa miche. Ukiondolewa, huondoka pamoja na mbegu zote ambazo ungetoa katika miaka ijayo. Kwa kuwa mche mchanga porini hukabiliwa na ukame na kwato za mifugo, si rahisi pengo hilo kuzibwa. Kilima kilichonyang'anywa mimea mikubwa huonekana bado kina machipukizi mawili matatu, na watu husema mmea upo. Ukweli ni kwamba kizazi kimekatwa.

Tena hakuna sababu ya kung'oa, maana waridi la jangwa ni jepesi kuoteshwa kwa mbegu. Wakulima wa maua wa Thailand na Taiwan, nchi ambazo mmea huu si wenyeji kwake, wamezalisha aina nyingi zenye maua ya rangi na maumbo mbalimbali kwa kupanda mbegu, kuchagua miche bora, kuichanganya kwa chavua na kuibebesha. Mmea uliotoka Afrika na Arabuni umekuwa bidhaa ya biashara ya Asia. Ni jambo la kusikitisha iwapo Asia itazidisha kwa mbegu kile ambacho Afrika inakimaliza kwa jembe.

Namna ya kuotesha

Tunda la waridi la jangwa ni jozi ya maganda marefu mfano wa pembe. Likiiva hupasuka, na mbegu, ambazo zina vishungi vya manyoya katika ncha zote mbili, hupeperushwa na upepo. Mwenye kutaka mbegu hufunga ganda kwa uzi kabla halijapasuka. Mbegu mbichi za mwaka huo ndizo zinazoota vizuri. Zilazwe juu ya mchanganyiko wa mchanga mkubwa sehemu 2 na mboji iliyoiva sehemu 1, zifunikwe kidogo tu, na zitiwe unyevu bila kufurikishwa. Katika joto la sentigredi 25 hadi 30, nyingi huchipua ndani ya siku 10.

Baada ya miezi michache mche huanza kuonyesha uvimbe wa shina. Kipande cha tawi pia huweza kuoteshwa, lakini mmea wa kipande huchelewa kupata shina nene, na mara nyingi haulipati kwa uzuri ule wa mmea wa mbegu. Mche uliotunzwa vizuri juani huweza kutoa maua baada ya mwaka mmoja hadi miwili. Huo si muda mrefu. Mwanafunzi aliyepanda mbegu akiwa Kidato cha Kwanza ataona maua kabla ya kumaliza Kidato cha Nne.

Adui mkubwa wa waridi la jangwa ni ukarimu wa mtunzaji. Chungu lazima kiwe na matundu chini, udongo wa mfinyanzi uepukwe, na maji yatolewe pale tu udongo unapokuwa umekauka. Wakati wa baridi, majani yanapopukutika, maji yapunguzwe sana. Kidole kikibonyeza shina likawa gumu, mmea una afya. Likiwa na mikunjo, una kiu. Likibonyea kwa ulaini na unyevu, umeoza, na sehemu iliyooza haina budi kukatwa mpaka kwenye tishu safi na kuachwa ikauke. Vidung'ata na viwavi huweza kuushambulia, na hivyo yafaa majani yachunguzwe mara kwa mara.

Sumu ifundishwe, isifichwe

Kuna pingamizi moja zito. Utomvu wa waridi la jangwa ni sumu. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi huutumia kutengenezea sumu ya mishale ya kuwindia. Wengine huona kwamba mmea wa namna hiyo haufai kukaribia nyumba wala shule.

Pingamizi hilo lapaswa kujibiwa kwa uangalifu. Sumu yenyewe ni kemikali za kundi la glikosidi zinazoathiri moyo. Kemikali hizo huzuia kimeng'enya kinachosukuma sodiamu kutoka ndani ya seli na kuingiza potasiamu. Kimeng'enya hicho kiligunduliwa na mwanasayansi wa Denmark, Jens Christian Skou, ambaye matokeo yake yalichapishwa mwaka 1957, na kazi hiyo ikampatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1997. Hivyo elimu ya mwindaji wa Eyasi na elimu ya maabara hukutana katika seli ile ile ya moyo. Mwalimu wa biolojia hapati kila siku mfano wa namna hiyo ulio hai mbele ya darasa.

Tahadhari hata hivyo haina mjadala. Mmea usipandwe mahali wanapocheza watoto wadogo, wala karibu na zizi. Anayekata matawi avae glavu, asijiguse macho, na anawe mikono kwa sabuni. Mtu akimeza sehemu yoyote ya mmea apelekwe mara moja kwenye kituo cha afya, pamoja na kipande cha mmea wenyewe. Oleanda, ambayo ni ya jamii moja na waridi la jangwa na ni sumu vilevile, imepandwa katika viwanja vingi bila onyo lolote. Hatari kubwa zaidi ni mmea wenye sumu ambao hakuna aliyeambiwa habari zake.

Wajibu wa shule

Mmea huu haufai kila mahali. Katika nyanda za juu zenye baridi, kama Njombe au Limuru, utadhoofika, kwa maana hauvumilii baridi iliyo chini ya sentigredi 10 kwa muda mrefu. Huko ipo mimea mingine ya asili inayostahili kuchaguliwa. Kanuni ni kwamba bustani ifuate mvua ya mahali pake.

Lakini katika sehemu kavu, shule ya sekondari yaweza kuanza kwa mbegu 50 na mabati machache ya kuoteshea. Nusu ya miche ipandwe katika mchanga na nusu katika mfinyanzi, vyungu vipimwe kwa mizani kila asubuhi, na wanafunzi waandike ni gramu ngapi za maji zimepotea. Watajifunza mvukizo kwa kuupima. Baada ya miaka michache, shule itakuwa na mimea mama yake yenyewe, itaweza kugawa miche kwa wazazi, na mnunuzi wa kijijini hatakuwa na sababu ya kumtuma mtu porini.

Vitalu vya miji navyo vina wajibu. Muuzaji aeleze mmea wake umetoka wapi, na mnunuzi aulize. Penye shina nene, makovu ya jembe kwenye mizizi, na muuzaji asiye na jibu, mnunuzi aliyesoma anajua la kufanya: aache mmea huo, aombe mche mdogo wa mbegu, na avumilie miaka miwili.