Miaka 80 ya Argonne: hongera ziende pia kwa vichupa vya makaa

Maabara ya Taifa ya Argonne, jirani na Chicago nchini Marekani, ilianzishwa rasmi tarehe 1 Julai 1946. Mwaka 2026 inatimiza miaka 80. Wengi watamkumbuka Enrico Fermi na tanuri la nyuklia la 1942, na ni haki yake. Sisi tunazielekeza hongera zetu kwenye makaa ya mawe.

Makaa ni mkaidi mbele ya eksirei. Chembe ya chumvi, kwa kuwa atomi zake zimejipanga safu kwa safu, hutawanya mionzi hiyo kwa alama kali zinazopimika. Makaa hutoa vilima vipana vilivyofifia. Lakini anayejua kuvisoma hatoki mikono mitupu: mahali kilima kikuu kinaposimama huonyesha nafasi kati ya tabaka za kaboni (kwenye grafiti ni nanomita 0.335, kwenye makaa huzidi kidogo), na upana wake hudokeza kwamba tabaka zinazolaliana ni chache. Mionzi inayopinda kidogo sana nayo hufichua vitundu ambamo methani hujibana. Peter Hirsch alichapisha uchambuzi wa namna hii mwaka 1954, akiwa Cambridge.

Tatizo ni hewa. Makaa yakishachimbwa, oksijeni huanza kuyabadilisha. Maabara mbili zingeweza kupima makaa ya mgodi mmoja, kila moja kwa wakati wake, kisha zikabishana bure, maana kilichopimwa hakikuwa kitu kimoja tena.

Hapo ndipo Argonne ilipofanya kazi ambayo haina shangwe. Miaka ya 1980, mradi ulioongozwa na Karl Vorres ulikusanya aina nane za makaa ya Marekani, kuanzia Beulah-Zap ya North Dakota, ambayo bado ni makaa machanga, hadi Pocahontas Namba 3 ya Virginia, yenye kaboni takriban asilimia 91. Yalichukuliwa mwambani yakiwa mapya, yakatiwa kwenye mapipa yaliyoondolewa hewa kwa gesi ya argoni, yakasagwa ndani ya naitrojeni, kisha yakafungiwa kwenye vichupa vya kioo vya gramu 5 au 10, vya kugawiwa watafiti.

Argonne ina pia pete ya eksirei yenye mzunguko wa mita 1,104, na wageni wa jubilei bila shaka watapelekwa kuiona. Wenyeji wasisahau kuwaonyesha na kichupa kimoja. Mtafiti akiandika leo kwamba alipima Illinois Namba 6 ya Argonne, mwenzake ng'ambo anaweza kuyapinga matokeo yake bila kwanza kumuuliza ni makaa gani.