Anayeuguza nyumbani naye anafanya kazi
Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ya Tanzania Bara inampa mama mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi. Baba, siku 3. Hesabu hiyo yenyewe inatamka nani alee. Na mkulima wa Kikatiti, mkoani Arusha, hana hata hizo: alfajiri anamgeuza baba mkwe aliyepooza, anafua shuka, anamnywesha uji kijiko kwa kijiko, huku ndizi za kupeleka sokoni zikiivia nyumbani. Wapo wasemao huo ni upendo, haulipwi. Ni upendo kweli, lakini sabuni inanunuliwa kwa fedha. Serikali haina uwezo? Zanzibar ilianza 2016 kuwalipa pensheni wazee wa miaka 70 na zaidi, hata wasiowahi kuajiriwa. Bara nayo ianze, na posho ya mlezi ifuate.