Madaftari ya Gombe Yasomwe Kidahwe



Atakayeandaa tamasha la vitabu hapa kwetu Kidahwe, penye njia panda ya barabara za Kasulu na Uvinza, hatakosa cha kuweka mezani juu ya hifadhi za taifa. Gombe iko karibu, Mahale iko kusini kando ya ziwa hilo hilo, na vitabu vilivyoandikwa juu ya sokwe wa hifadhi hizo mbili vinatosha kujaza kabati. Swali tunalotaka kuliweka mbele ya viongozi wa jumuiya ni juu ya maandishi ambayo, tusipoangalia, hayatakuwapo mezani hapo.

Dkt. Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 1, 2025 akiwa na umri wa miaka 91, alitua ufukweni Gombe Julai 14, 1960. Kitabu chake cha mwaka 1971, In the Shadow of Man, kilisomwa katika nchi nyingi, nacho kiliandikwa kwa Kiingereza. Hatuna nia ya kumpunguzia heshima yake mama huyo. Alistahili kila sifa aliyopewa. Lakini ni watu wangapi wajuao kwamba, tangu miaka ya 1970, sehemu kubwa ya habari za sokwe wa Gombe imeandikwa kwanza kwa Kiswahili?

Walioziandika ni wasaidizi wa utafiti, wengi wao wenyeji wa vijiji vya pwani hii. Kazi yao ni kumfuata sokwe mmoja tangu anapoamka kiotani hadi anapojenga kiota kingine jioni, wakipanda na kushuka mabonde, wakiandika amekula nini, amekutana na nani, nani amempiga mwenzake na nani amemchambua manyoya. Usiku wa Mei 19, 1975, watu wenye silaha kutoka Zaire walivuka ziwa na kuwateka vijana wanne wa kigeni waliokuwa wakifanya utafiti pale. Vijana hao waliachiliwa baadaye, lakini watafiti wa kigeni waliondoka Gombe. Kazi haikusimama. Watanzania waliendelea kuingia msituni kila siku, na laiti wangaliacha, utafiti unaosifiwa leo kwa kudumu zaidi ya miaka 60 ungalikuwa na pengo kubwa katikati.

Hilali Matama ndiye mfano wetu. Januari 1974 yeye ndiye aliyeshuhudia kundi la sokwe wa Kasakela likimvamia Godi, dume wa kundi la Kahama, waliyekuwa wakikaa naye pamoja hapo zamani. Lilikuwa shambulio la kwanza kuonekana katika vita vilivyoendelea hadi mwaka 1978, na kundi la Kahama likaangamia. Habari hiyo iliwashtua wataalamu wa dunia, waliodhani kwamba vita ni jambo la binadamu peke yake. Jicho la kwanza kuliona jambo hilo lilikuwa la mtu wa kwetu. (Nasi tulio katika kazi ya haki na amani tuna sababu ya pekee ya kupenda kuisoma taarifa hiyo kwa lugha ya aliyekuwapo.)

Maandishi hayo yakafanyiwa nini? Yalitafsiriwa kwa Kiingereza, yakahifadhiwa Marekani, kwanza katika Chuo Kikuu cha Minnesota na baadaye Chuo Kikuu cha Duke, yakatumiwa na wasomi. Kuhifadhiwa vizuri ni jambo jema. Karatasi haipendi unyevu wa ziwa wala mchwa. Lakini mwanafunzi wa sekondari anayesoma hapa, ambaye pengine babu yake aliandika kurasa hizo, huambiwa kwamba habari za Gombe ziko katika vitabu vya Kiingereza. Hiyo si haki, ingawa hakuna aliyekusudia kumdhulumu.

Tunajua litasemwa kwamba madaftari hayo ni kumbukumbu za kisayansi, makavu, yasiyoburudisha. Tunajibu kwamba mtu aliyezoea kusikiliza hadithi za mashambani na za ziwani atajua mwenyewe lililo kavu. Litasemwa pia kwamba mtafiti hapendi kutoa habari kabla hajazichapisha. Ni kweli, basi na tuanze na za miaka ya 1970, ambazo zimekwisha kuchapishwa mara nyingi.

Kuna jambo la pili, zito zaidi. Gombe ilifanywa pori la akiba mwaka 1943 na hifadhi ya taifa mwaka 1968, na palikuwa na watu waliolazimika kuondoka. Goodall mwenyewe alisimulia kwamba alipofika, wenyeji walimshuku kuwa mpelelezi wa serikali. Waliokwisha kupoteza ardhi hawakushuku bure. Huko Mahale, Watongwe wa Kasoge walihamishwa katika miaka ya 1970, na hifadhi ikatangazwa mwaka 1985. Mwaka 1981 watafiti wa Kijapani walichapisha orodha ya majina ya mimea kwa Kitongwe, kazi ya maana sana. Majina hayo waliyapata kwa wazee wa pale. Orodha ya watu hao wenyewe, na ya mashamba na makaburi waliyoyaacha, nayo yafaa kuandikwa kabla wa mwisho wao hawajatutoka.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi. Kabla ya tamasha, serikali ya kijiji iiandikie hifadhi ya Gombe na taasisi inayoendesha utafiti, ikiomba nakala za kurasa chache za zamani kwa Kiswahili chake cha asili. Zisomwe kwa sauti, hadharani. Wasaidizi waliostaafu waalikwe kutoka Mwamgongo na Mtanga. Nauli yao ya boti hadi Kibirizi na ya gari hadi hapa ilipwe, na waketi mbele pamoja na mgeni rasmi, wala si nyuma ya turubai. Wazee waliohamishwa wapewe saa nzima ya kusema. Na awepo katibu mwenye kalamu, anayejua Kiha na Kitongwe, wa kuandika yote watakayosema.