Hati Safi Si Nyumba Salama

Eldoret ilitunukiwa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti, 2024, lakini mashamba yanayoizunguka yalikuwa yameanza kugeuka mitaa miaka mingi kabla ya siku hiyo. Kuanzia Kapsoya hadi Langas, kutoka Maili Nne hadi Annex, nyumba za kuuza zinajengwa kila uchao, na miongoni mwa wanaozinunua wamo walimu wengi. Mwalimu huchukua mkopo katika chama chake cha akiba na mikopo, akakubali kukatwa mshahara kwa miaka kadhaa, kisha akakabidhiwa ufunguo wa nyumba ambayo hakuna mtu mwenye ujuzi aliyeichunguza kwa niaba yake. Jambo hili halifai kuachwa hivi hivi.

Kazi yangu ni isimu, wala si uhandisi. Hata hivyo, naona kwamba sehemu ya tatizo hili imo katika lugha yenyewe. Tunavyo vitenzi viwili, kupekua na kukagua, na katika biashara ya nyumba tumevifanya kuwa kimoja. Mnunuzi akiulizwa iwapo amechunguza anachokinunua, hujibu kwa fahari kwamba "sachi" imefanywa na hati ni safi. Asemayo ni kweli. Upekuzi katika masjala ya ardhi humjulisha mmiliki ni nani, kiwanja kina ukubwa gani, na kama kimewekwa rehani au zuio. Ni hatua ya lazima, hasa katika nchi ambamo hati bandia zimewafilisi wengi. Lakini hati haivuji, haina nyufa, wala hailiwi na mchwa. Inazungumzia ardhi na mwenyewe. Kuhusu nyumba iliyosimama juu ya ardhi hiyo, inanyamaza kimya.

Wengine hujipa moyo kwamba mkopeshaji alimtuma mthamini. Yafaa tuulize: mthamini huyo alitumwa na nani, na kwa faida ya nani? Shabaha yake ni kukadiria bei, ili mkopeshaji ajue kama fedha zake zitarudi nyumba ikipigwa mnada. Hakutumwa kupanda darini wala kuchungulia tangi la majitaka.

Sheria nayo haimbembelezi mnunuzi. Kenya ilirithi kutoka Uingereza kanuni ya kale isemayo mnunuzi ajihadhari. Muuzaji akisema uongo, anaweza kushtakiwa. Lakini kwa kawaida halazimiki kuzitangaza kasoro za jengo ambazo mchunguzi makini angeziona mwenyewe. Aidha, mikataba mingi ya mauzo huwa na kifungu kwamba mali inauzwa jinsi ilivyo. Kifungu hicho, kilichoandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, humhamishia mnunuzi mzigo wote kabla wino haujakauka. Huko Uingereza kwenyewe, kanuni hiyo huendana na desturi: mnunuzi anaweza kumwajiri mkaguzi wake mwenyewe, asiyemtegemea mwenye benki. Sisi tuliirithi kanuni, tukaiacha desturi inayoifanya ivumilike.

Lililo ajabu ni kwamba ukaguzi si mgeni kwetu. Hapa Uasin Gishu, mtu hanunui ng'ombe wa maziwa bila kumtazama meno, kumpapasa kiwele na kuuliza amezaa mara ngapi. Asiyejua humchukua mzee ajuaye. Nyumba, yenye thamani ya ng'ombe wengi, hununuliwa kwa ziara ya alasiri moja ya kiangazi, rangi ikiwa bado inanukia.

Mkaguzi hutazama nini? Huanza na msingi na kuta. Ufa mwembamba wa juujuu huenda ukawa wa plasta tu. Lakini ufa mpana unaokwenda mshazari kutoka pembe ya dirisha, au unaopanda kwa ngazi kufuata viungo vya mawe, huweza kuwa dalili kwamba msingi unatitia. Huingia darini kutazama mbao, misumari na njia za mchwa. Huuliza maji ya mvua yanaelekea wapi, majitaka yanaishia wapi, na kisima kiko umbali gani na shimo la choo. Hupima nyaya za umeme. Halafu huomba ramani iliyoidhinishwa na kaunti, akailinganisha na kilichojengwa. Na kwa kuwa mvua zetu huanza yapata Machi au Aprili zikaendelea hadi Agosti au zaidi, mwenye busara huizuru nyumba tena siku ya mvua.

Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo huchukulia kwamba ufa unaonekana. Muuzaji mjanja huuziba kwa plasta, na kumwachia mnunuzi ukuta.

Wala gharama si ya fedha pekee. Tarehe 29 Aprili, 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la ghorofa liliporomoka usiku katika mtaa wa Huruma, Nairobi, na watu wapatao 50 wakafariki. Wale walikuwa wapangaji, ambao hawakuwa na nafasi ya kudai ukaguzi. Mnunuzi anayo nafasi hiyo, na kuipoteza ni kuwahatarisha watoto wake.

Najua yatakayosemwa: kwamba ada ya mhandisi ni mzigo, na kwamba muuzaji ana wateja wengine mlangoni. Ada hiyo ni ndogo ikilinganishwa na kujenga upya ukuta au paa. Na muuzaji anayemkataa mkaguzi amekwisha kuitoa ripoti yake bila malipo.

Kwa hivyo, mwalimu asitoe arubuni kabla ya mhandisi aliyesajiliwa kumwandikia ripoti. Vyama vya akiba na mikopo, ambavyo ni mali ya wanachama, vidai ripoti hiyo pamoja na ile ya mthamini. Nao mawakili wauandike mkataba kwa Kiswahili pia, kwani Katiba ya 2010 imekifanya kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Mnunuzi akilisoma neno "jinsi ilivyo" kwa lugha anayoielewa barabara, huenda naye akataka kujua ilivyo ni vipi.